Ganda la Kaure Juu ya Meno: Je, Linakufaa?

Meno ya kahawia humfanya mtu afunike mdomo kwa kiganja anapocheka. Wengi wenye tatizo hili walikulia Arusha, Kilimanjaro au Singida, ambako maji ya baadhi ya visima na mito yana madini mengi ya floraidi. Hata huku Kagunga wapo, waliokuja kwa kazi au kwa ndoa. Siku hizi wanasikia kuwa mijini kuna tiba iitwayo vinia. Je, inamfaa kila mtu?

Vinia ni nini?
Ni ganda jembamba la kaure au la resini linalogandishwa upande wa mbele wa jino. Mara nyingi daktari husugua kwanza uso wa jino ili ganda likae sawasawa. Hapo ndipo penye uamuzi mzito: sehemu ya jino iliyosuguliwa haioti tena. Ganda la kaure likitunzwa hudumu miaka 10 hadi 15 hivi, nalo la resini hudumu muda mfupi zaidi. Kisha hubadilishwa. Kijana wa miaka 20 anayeweka vinia kwa ajili ya arusi ajue kwamba atalipia tena na tena maishani mwake.

Kabla ya kukubali, jiulize:

1. Rangi imetoka wapi? Rangi ya ukoga, chai au tumbaku huondoka meno yakisafishwa na daktari. Rangi ya floraidi, au ya dawa ya tetrasaiklini aliyopewa mtoto kabla ya miaka 8, imo ndani ya jino. Usiisugue kwa mkaa wala mchanga; utalila jino bure. Ikiwa ni nyepesi, dawa ya kung'arisha inayotolewa na daktari wa meno inaweza kutosha.

2. Je, kinywa ni kizima? Meno yaliyooza na fizi zinazotoa damu hutibiwa kwanza. Anayesaga meno usingizini anaweza kulivunja ganda.

3. Je, umri umefika? Aliye chini ya miaka 18 asubiri, kwa kuwa meno na fizi zake bado zinabadilika.

4. Anayeitoa ni nani? Awe daktari wa meno aliyesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Fundi wa saluni hana ujuzi huo.

5. Likibanduka, utakwenda wapi? Kutoka Kagunga utapanda boti hadi Kigoma, na huenda ukalazimika kwenda mbali zaidi. Hesabu nauli na siku za kazi pamoja na bei ya tiba. Anza kwa kuomba ushauri katika kliniki ya meno ya Hospitali ya Maweni.

Neno kwa wazazi
Floraidi huharibu jino likiwa bado linakua ndani ya ufizi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji. Familia ikihamia sehemu zenye floraidi nyingi, iulize ni chanzo gani cha maji kilichopimwa, na mtoto asizoeshwe mboga zilizopikwa kwa magadi, kwani nayo yana floraidi. Mtoto wa chini ya miaka 3 atiwe dawa ya meno kiasi cha punje ya mchele tu, naye afundishwe kuitema.

Jino la kahawia lililo imara hutafuna vizuri hadi uzeeni. Kama halikuumi wala halikunyimi raha, liache. Tusije tukapata uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.