KWENDA, KUKAA NA KURUDI
Fundisho juu ya kambi ya vijana inchi za mbali

Tusome: Luka 2:41-52



Kila mwaka, kipwa kinapofika na shule zinapofungwa kwa likizo kubwa, swali moja linarudi katika nyumba zetu hapa Naviundu: vijana watafanya nini sasa? Wengine wanakwenda shambani, wengine wanasaidia mama sokoni, wengine wanakaa tu kandokando ya barabara. Hapa na pale anatokea kijana mwenye barua mkononi. Amealikwa kambi ya vijana Wakristo, inchi ya ng'ambo, juma moja. Wazazi wanafurahi na kuogopa siku ileile. Wanakuja kuuliza mashemasi: Tumwache aende? Anakwenda kutafuta nini kule? Na je, atarudi?

Maswali hayo matatu ni ya haki. Tuyajibu kwa Neno la Mungu, kisha tutazame mahali ambapo vijana wanakusanyika kweli, tuone wanachofanya kule.

1. KIJANA WA MIAKA KUMI NA MIWILI

Yusufu na Maria walikuwa na desturi ya kupanda Yerusalemu kila mwaka kwa sikukuu ya Pasaka. Yesu alipokuwa na miaka 12 walikwenda naye. Toka Nazareti mpaka Yerusalemu ni zaidi ya kilometa 100. Ni kama sisi tutoke Lubumbashi kwenda Likasi kwa miguu, na watoto, na mizigo, na chakula cha njiani. Hakuna aliyesafiri njia ile peke yake. Jamaa na majirani walikwenda pamoja, kundi moja.

Tuangalie mambo matatu katika habari hiyo.

La kwanza, Yesu alikwenda. Wazazi hawakumficha nyumbani kwa kuogopa njia.

La pili, alipofika alikaa mahali pa kufaa. Walipomtafuta walimkuta hekaluni kati ya walimu. Luka anasema alikuwa anawasikiliza na kuwauliza. Angalieni sana: kusikiliza kunatajwa kwanza, kuuliza kunafuata.

La tatu, alirudi. Alishuka pamoja na wazazi wake mpaka Nazareti, akawatii, akaendelea kukua. Yeye aliyewashangaza walimu wa Yerusalemu alirudi katika kijiji kidogo. Hakusema kwamba Nazareti sasa ni ndogo kwake.

Wazazi nao wana somo lao hapa. Yusufu na Maria walitembea siku nzima wakidhani mtoto yuko katika kundi. Kundi lilikuwa zuri, la watu wa Mungu, lakini hakuna katika kundi aliyejua mtoto yuko wapi. Msafara haulei mtoto. Mzazi asidhani kwamba neno «kambi ya Wakristo» linatosha. Aulize.

2. JUMA MOJA KULE TAIZÉ

Tutwae mfano mmoja unaojulikana katika dunia nzima. Katika Ufaransa kuna kijiji kidogo, Taizé, katika eneo la Bourgogne. Mwaka 1940, wakati wa vita kuu ya pili, alifika pale kijana mmoja wa Uswisi mwenye miaka 25, jina lake Roger Schutz. Baadaye watu walimwita Frère Roger, maana yake Ndugu Roger. Alinunua nyumba akaficha ndani yake wakimbizi, na Wayahudi walikuwa kati yao. Mwaka 1942 ilibidi akimbie, juu ya Wajerumani waliokuwa wanawatafuta watu wa namna hiyo. Alirudi mwaka 1944. Na vita vilipokwisha, wenye njaa karibu na kijiji kile walikuwa wafungwa wa vita, nao walikuwa Wajerumani. Roger na ndugu zake wakawakaribisha hao vilevile.

Tusipite haraka hapa. Mtu aliyekimbia Wajerumani alikula nao mezani miaka michache tu baadaye. Kambi yote ya Taizé imesimama juu ya jambo hilo.

Mwaka 1949 ndugu saba waliahidi kuishi maisha yao yote katika jamii hiyo, bila kuoa, kwa mali ya pamoja. Wa kwanza walikuwa Waprotestanti, baadaye Wakatoliki wakaingia pia. Hawapokei zawadi za feza kwa ajili ya maisha yao. Wanaishi kwa kazi ya mikono yao. Vijana walipoanza kufika kwa wingi, kanisa la kijiji halikuwatosha. Kanisa kubwa likajengwa, likafunguliwa mwaka 1962. Wajenzi walikuwa vijana wa Ujerumani waliotaka kuonyesha toba juu ya ubaya wa vita. Likaitwa Kanisa la Upatanisho.

Leo vijana wa inchi nyingi wanafika pale kwa juma moja, toka siku ya Mungu mpaka siku ya Mungu ingine. Wanafanya nini? Kengele inawaita kwenye maombi mara tatu kwa siku: asubuhi, saa sita na jioni. Kisha asubuhi ndugu mmoja anawafundisha Biblia, halafu wanagawanyika katika vikundi vidogo vya watu wa inchi mbalimbali, kila mmoja aeleze lile fungu linamgusa namna gani. Kila mmoja ana kazi: huyu anagawa chakula, yule anaosha vyombo, mwingine anasafisha vyoo. Mtoto wa daktari na mtoto wa mlinzi wanashika ufagio mmoja. Wanalala katika hema au katika vyumba vya watu wengi. Chakula ni cha kawaida tu, bakuli na kijiko. Hakuna anayekwenda kule kwa kula vizuri.

Sisi tumezoea kwaya, ngoma na makofi. Kule wanaimba nyimbo fupi, zinarudiwa mara nyingi katika lugha nyingi, kisha wanakaa kimya dakika kadhaa. Siku ya tano jioni wanaomba kuzunguka msalaba, siku ya posho wanawasha mishumaa kwa kukumbuka ufufuo. Kila kanisa lina desturi zake, na kijana wetu halazimishwi kuacha zake. Lakini anaweza kujifunza kwamba hata kimya ni sala, na kwamba mtu anayeomba kwa namna ingine si adui.

Na tuseme ukweli wote: mahali patakatifu pia pana hatari. Tarehe 16 Agosti 2005, Frère Roger, mzee wa miaka 90, aliuawa kwa kisu ndani ya kanisa lile, katika maombi ya jioni, mbele ya vijana wengi. Aliyemchoma alikuwa mwanamke mgonjwa wa akili. Ndugu wa Taizé hawakufunga milango. Waliendelea kupokea vijana, na wanaendelea mpaka leo. Walioahidi kupatanisha watu hawakuacha ahadi siku damu ilipomwagika nyumbani kwao.

3. KIGALI, MWAKA 2012

Mtu atasema: Hayo ni mambo ya Bulaya. Kwetu je?

Ndugu hao wa Taizé walileta mikutano yao Afrika pia: Johannesburg mwaka 1995, Nairobi toka tarehe 26 mpaka 30 Novemba 2008, na Kigali toka tarehe 14 mpaka 18 Novemba 2012. Maelfu ya vijana walifika Kigali, na wa kwetu Congo walikuwa kati yao. Hawakulala katika mahoteli. Walipokelewa katika nyumba za watu wa parokia na za makanisa. Mama wa Rwanda alipika, mtoto wa Congo alikula. Kila mtu anajua damu iliyomwagika Rwanda mwaka 1994, na vita vilivyofuata katika inchi yetu. Kulala usiku katika nyumba ya mtu wa upande ule halikuwa jambo dogo kwa yule mgeni, wala kwa mwenye nyumba.

Mkutano ulikwisha tarehe 18 Novemba. Tarehe 20 Novemba, siku mbili tu baadaye, mji wa Goma uliangukia mikononi mwa M23. Na ulianguka tena mwezi wa kwanza wa mwaka 2025.

Basi, mkutano ule ulikuwa wa bure? Kijana anaweza kuuliza hivyo, na tusimkemee. Tunajibu: kambi haisimamishi vita. Hiyo ni kazi ya wenye mamlaka, na Mungu atawauliza. Lakini kijana aliyelala chini ya paa la yule mama, aliyepewa maji ya kuoga asubuhi, akaulizwa kama alilala vizuri, huyo hatadanganywa kwa urahisi. Siku mtu atakapomwambia kwamba watu wote wa upande ule ni nyama za pori, atakumbuka uso mmoja. Atasema: Hapana, mimi ninamjua mmoja. Hayo ndiyo matunda ya kambi. Ni madogo, lakini silaha haziwezi kuyazaa.

4. NANI ANAKUSANYA VIJANA?

Sisi wa Katanga tunajua jambo hili bila kwenda mbali. Katika miaka 1992 na 1993, vijana walikusanywa hapa kwetu. Walipewa nyimbo, walipewa maneno, wakatumwa kufukuza majirani zao wenye asili ya Kasai. Watu waliokaa pamoja katika lopango moja, waliochota maji kwenye bomba moja, walitengana. Familia nyingi zililala kwenye gare ya Likasi na ya Kolwezi zikingoja treni, na watoto walikufa pale kwa magonjwa na njaa.

Vijana wale hawakuzaliwa na uovu kuliko wengine. Walikuwa na nguvu, walikosa kazi, na mtu fulani aliwaita. Kijana anapenda kuitwa. Anapenda kuimba na wenzake na kujisikia mwenye maana. Kama kanisa halimwiti kwa mema, mwingine atamwita kwa mabaya. Juu ya hiyo tunasema kwamba kambi si mchezo wa likizo.

5. KURUDI

Sasa tufike kwenye swali ambalo wazazi wanauliza kwa sauti ya chini: Atarudi?

Tunajua namna maisha yalivyo. Pasipoti ni feza nyingi, viza ni feza na kungoja, tiketi inaweza kumaliza akiba ya jamaa nzima. Mtu anapofika Bulaya anasikia sauti: Usirudi, utakuwa mpumbavu. Pengine sauti hiyo inatoka hata kwa jamaa waliochanga feza.

Hatumhukumu mtu anayekimbia kifo. Lakini aliyeomba viza ya kambi ameahidi kurudi. Viza ya kutembea katika inchi za Schengen haipiti siku 90. Akijificha, atakosa karatasi, atakosa kazi ya halali, atakaa miaka bila kuona mama yake. Na wanaobaki wataumia pia: wale waliomwalika hawataaminiwa tena, na kijana wa mwaka ujao atakataliwa juu yake. Kambi inayofundisha kuaminiana haiwezi kuanza kwa uongo.

Basi tumtazame tena Yesu. Hekaluni alisikiliza na kuuliza siku chache tu. Nazareti alikaa miaka mingi katika kazi na utii. Juma la kambi ni mbegu, na shamba liko nyumbani. Kama kijana aliosha vyombo kule Taizé kwa furaha, na hapa nyumbani anaacha sahani ya bukari mezani ili dada yake aondoe, kambi yake haijaanza. Kama alikula na mgeni wa inchi ingine, na hapa hasalimii jirani wa kabila lingine, alisafiri mwili tu.

6. MASHAURI

Wazazi: ulizeni nani anaita, nani anaongoza, mtoto atalala wapi, nani analipa, atarudi siku gani. Mtoto asiyefikia umri wa utu uzima asafiri na mkubwa mnayemjua. Binti vilevile awe na mama wa kumwangalia. Anayekasirika kwa kuulizwa, msimpe mtoto wenu.

Vijana: jitayarisheni kabla ya njia. Karatasi ziwe za kweli, pamoja na kitabu cha manjano cha chanjo. Jifunzeni mafungu ya Biblia, mjue kueleza imani yenu bila kudharau ya wengine. Mkifika, sikilizeni kwanza. Msikatae kazi ya choo.

Kanisa: tusingoje barua ya ng'ambo. Siku tatu za kambi hapahapa, vijana wa makabila na makanisa mbalimbali, sufuria moja, Biblia moja na kazi za zamu, zinawezekana bila viza. Na kijana anayerudi toka mbali apewe nafasi mbele ya wenzake. Asieleze ndege na majumba tu. Aeleze alichosikia na atakachofanya.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Sababu gani Yusufu na Maria hawakujua mapema kwamba Yesu hakuwa pamoja nao? Sisi tunafanana nao namna gani?
2. Katika lopango letu au barabara yetu, ni jirani gani ambaye hatujapata kula naye? Juu ya nini?
3. Kijana wetu akirudi toka safari, ni jambo gani moja nyumbani litaonyesha kwamba amekua kama Luka anavyosema?

Fungu la kushika kwa moyo: Luka 2:52.

Bwana awalinde vijana wetu katika kutoka kwao na katika kuingia kwao. Amina.