Kiingereza cha Ripoti: Neno Linaloishia na "-ing"

Taarifa na maombi mengi kwa wafadhili wa ng'ambo huandikwa kwa Kiingereza, na humo neno linaloishia na "-ing" halikosekani. Neno hilo lina kazi mbili, na umbo lake halibadiliki. Kwanza huwa jina la tendo; hii ndiyo jerandi. Pili humweleza mtu au kitu kinachotenda. Hii ndiyo patisipo ya wakati uliopo. Kiingereza cha kale kilikuwa na viishio viwili mbalimbali, "-ung" au "-ing" kwa jina na "-ende" kwa patisipo, lakini baadaye vikaungana vikawa kimoja.

Sisi tofauti hiyo tunayo mdomoni. Tafsiri neno kwa Kiswahili. Likija na "ku-", ni jerandi. Likija na "-nao-", "-nayo-" au "-ki-", ni patisipo. "Drinking water" ni maji ya kunywa, maana maji yenyewe hayanywi kitu. "Running water" ni maji yanayotiririka. "We saw women fetching water" ni tuliwaona wanawake wakichota maji. Na "building committee" ni kamati ya kujenga, hata kama haijasimamisha tofali moja (nazo zipo).

Ugumu huja pale maana zote mbili zinapowezekana. Tuseme bajeti ina mstari huu: "Visiting nurses". Je, ni wauguzi wanaowatembelea wagonjwa vijijini, au ni safari ya kamati kwenda kuwatembelea wauguzi? Msomaji wa mbali hawezi kujua fedha ni za nani. Katika sentensi kamili kitenzi humsaidia: "visiting nurses is costly" ni jerandi, tendo moja, "visiting nurses are costly" ni wauguzi wenyewe. Lakini mstari wa bajeti hauna kitenzi. Andikeni "visits by nurses" au "visits to nurses", na shaka itaisha.

Hata hivyo "ku-" yetu ina mtego wake, kwa sababu hutumika pia pale Kiingereza kinapotaka "to". Angalieni ripoti ya kisima. "The women stopped fetching water from the river" maana yake wameacha kuchota maji mtoni: mradi umefaulu. "The women stopped to fetch water from the river" maana yake walisimama njiani ili wachote maji yale yale ya mto. Neno moja linageuza habari yote.

Vilevile katika barua, baada ya "look forward to" huja jerandi: "We look forward to receiving your reply", wala si "to receive". "To" hii si ya kitenzi. Ni sawa na ile ya "look forward to your visit".

Mwisho, "-ki-" yetu hubeba mtendaji ndani yake: wakitembea, ikitembea. Patisipo ya Kiingereza haimbebi. Mwanzoni mwa sentensi hushika kiima cha kitenzi kinachofuata. Ukiandika "Walking to the clinic, the rain caught the mothers", umesema mvua ndiyo iliyokuwa ikitembea kwenda zahanati. Waweke akina mama mbele: "Walking to the clinic, the mothers were caught by the rain".