Uzito Ukipanda Baada ya Kupandikizwa Figo: Jua Kwanza Kilichoongezeka

Figo mpya imekubali. Mkojo unatoka vizuri, kriatinini (kipimo cha damu cha kazi ya figo) imeshuka, na safari za kwenda kusafishwa damu zimekwisha. Kisha miezi michache inapita, suruali haifungi, mashavu yamejaa, na mizani ya kliniki inaonyesha kilo usizojua zimetoka wapi, maana unaona huli kupita kiasi. Ndugu wanakusifu, "Mashallah, umenawiri!" Wewe moyoni una wasiwasi.

Hapo wengi hukimbilia mambo mawili: kujinyima chakula, au kupunguza dawa kimyakimya. La kwanza mara nyingi halisaidii. La pili linaweza kukupokonya figo yenyewe. Kabla ya yote mawili, jiulize: kilichoongezeka ni nini? Ni maji, ni mafuta, au ni kitu kingine kabisa? Kila jibu lina njia yake, na likiwa maji, usingoje tarehe ya kliniki.

Jambo hili limeanza kuwagusa wengi hapa nyumbani. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifanya upandikizaji wa kwanza wa figo nchini Tanzania Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata mwaka 2018. Ukiwajumlisha na waliopandikizwa India, ni watu wengi wanaolala na kuamka na swali hili. Mengi ya maelezo haya yanamfaa pia aliyepandikizwa ini, kwa kuwa dawa nyingi ni zilezile.

Mizani na daftari

Kama uliwahi kusafishwa damu, ujuzi unao tayari. Unakumbuka "uzito mkavu", yaani uzito wako bila maji ya ziada, na unakumbuka jinsi ulivyopimwa kabla na baada ya mashine ili ijulikane maji kiasi gani yametolewa. Hesabu yake ni nyepesi: lita moja ya maji ni kilo moja. Wengi wakishapata figo mpya huuacha ujuzi huu palepale kwenye kitanda cha mashine, kumbe bado wanauhitaji.

Nunua mizani ya nyumbani. Iweke kwenye sakafu ngumu, si juu ya zulia. Jipime kila asubuhi, ukishakojoa na kabla ya chai, ukiwa na nguo nyepesi zilezile. Andika tarehe, uzito na presha. Kama umeagizwa kupima sukari au kiasi cha mkojo, viandike pembeni.

Sasa tuseme ukurasa wako unasomeka hivi: Jumatatu kilo 68.0, Jumanne 68.2, Jumatano 69.3, Alhamisi 70.1. Huo si unene. Kilo moja ya mafuta mwilini inahitaji ziada ya kalori zipatazo 7,700, na hakuna anayekula ziada ya namna hiyo kati ya jana na leo. Hayo ni maji.

Tuseme badala yake imeandikwa: tarehe 1 kilo 68.0, tarehe 8 kilo 68.4, tarehe 15 kilo 68.7, tarehe 22 kilo 69.2. Hapa uzito unapanda pole pole, na mara nyingi wahusika ni chakula na dawa. Kurasa hizi mbili zinakupeleka kwenye njia mbili tofauti.

Ukipanda ghafla

Uzito ukiongezeka kilo moja au zaidi kwa siku moja, au kilo mbili na zaidi ndani ya wiki, pigia simu kliniki yako siku hiyohiyo. Kama kliniki yako imekupa kipimo kingine, fuata hicho.

Unapongoja majibu, jikague. Kaa, bonyeza kwa kidole gumba juu ya mfupa wa mguu, kidogo juu ya kifundo. Hesabu taratibu hadi kumi, kisha achia. Pakibaki kishimo kinachochelewa kujaa, mguu una maji. Tazama na alama ya soksi, pete isiyotoka kidoleni, na kope zilizovimba asubuhi. Uliza pia mwili wako maswali haya: mkojo umepungua? Presha imepanda? Una homa? Pale figo ilipowekwa, chini ya tumbo upande mmoja, panauma au pamekuwa pagumu?

Maji yanaweza kuwa yamejaa kwa sababu ndogo, kama chumvi ya sherehe ya jana. Yanaweza pia kuwa dalili kwamba mwili umeanza kuikataa figo, njia ya mkojo imeziba, dawa imezidi kwenye damu, au moyo umechoka. Wewe huwezi kuzitofautisha ukiwa sebuleni. Daktari atapima kriatinini, protini kwenye mkojo na kiwango cha takrolimasi (dawa ya kuzuia figo isikataliwe) kwenye damu, na huenda akaagiza ultrasaundi. Ukikosa pumzi, hasa unapolala chali, nenda dharura mara moja.

Mambo matatu usiyafanye. Usipunguze maji ya kunywa kwa uamuzi wako, maana figo iliyopandikizwa huumizwa pia na ukavu. Usimeze vidonge vya kukojoza alivyokuachia jirani. Na miguu ikiuma kwa kuvimba, usinunue diklofenaki wala ibuprofeni. Dawa za kundi hilo zinaweza kuidhuru figo.

Kumbuka pia kwamba figo inaweza kukataliwa bila dalili yoyote unayoiona. Mizani haichukui nafasi ya vipimo vya damu.

Ukipanda pole pole

Katika mwaka wa kwanza ni kawaida kabisa mtu aliyepandikizwa figo kuongezeka kilo kadhaa, na wengine hufika kumi. Mambo makubwa ni mawili, na huja kwa pamoja.

La kwanza ni prednisoloni, dawa ya kundi la steroidi. Huchochea njaa, huhamisha mafuta kwenda usoni, tumboni na nyuma ya shingo, hushikilia chumvi mwilini, na huweza kupandisha sukari. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na uso wa mviringo na tumbo lililotokeza, huku mapaja na mikono vikiwa vyembamba.

La pili ni kurudi kwa hamu ya kula. Figo zilipokuwa zimeshindwa, uchafu kwenye damu uliharibu ladha na kuleta kichefuchefu. Juu ya hapo ulikatazwa ndizi, machungwa, maharage, viazi na maziwa. Sasa ladha imerudi, marufuku mengi yamelegezwa, na jikoni yupo mama au shangazi anayesema, "Kula mwanangu, mwili urudi." Mtu anaweza kuapa kwamba hali sana, kwa sababu anajilinganisha na alivyokuwa akila kabla ya kuugua. Ila tangu hapo amepoteza misuli, hatembei kama zamani, na anameza dawa ya kuongeza njaa. Sahani ileile sasa inazidi mahitaji yake.

Uso uliojaa, peke yake, hautibiwi kwa kujinyima. Mara nyingi hupungua daktari anaposhusha dozi. Usiishushe mwenyewe. Prednisoloni ni miongoni mwa dawa zinazoizuia kinga ya mwili isiishambulie figo. Zaidi ya hapo, ukishatumia prednisoloni kwa muda, tezi zinazotengeneza homoni ya aina hiyo huzembea. Ukiikata ghafla, presha inaweza kuanguka vibaya. Kinachokuumiza mwambie daktari, na umuulize waziwazi: "Dozi yangu inatarajiwa kushuka lini, na hadi wapi?" Imeze asubuhi baada ya kula, kama umeagizwa hivyo. Ikimezwa jioni huweza kufukuza usingizi, na aliyekosa usingizi usiku wa manane huishia jikoni.

Mara moja kwa mwezi, pima kiuno kwa futi ya fundi cherehani, usawa wa kitovu. Kiuno kinakuonyesha mafuta ya tumboni vizuri kuliko mizani.

Kikombe, mwiko na sahani

Anza na vinywaji, kwa kuwa hapo ndipo pa kupunguza bila kulala njaa. Vikombe vinne vya chai kwa vijiko vitatu vya sukari ni vijiko 12 kwa siku. Soda ya chupa ya mililita 350 ina sukari ya vijiko vipatavyo tisa. Punguza kijiko kimoja kwa kila kikombe, ulimi uzoee, kisha punguza kingine. Tunda litafune badala ya kulikamua juisi.

Ukifika kwenye mafuta, acha kumimina kutoka kwenye dumu. Kijiko kimoja cha chakula kina kalori zipatazo 120, na mkono unaomimina haujui kuhesabu. Pima kwa kijiko, na urudie mapishi ya kuchemsha, kuchoma na kuoka. Chapati na chipsi ziwe za siku maalumu.

Gawa sahani: nusu mboga, robo ugali au wali, robo samaki, kuku, maharage au mayai. Protini usiikimbie; inasaidia misuli kurudi, na inashibisha. Njaa ya prednisoloni huja hata dakika chache baada ya kula, kwa hiyo iandalie: yai lililochemshwa likaiva vizuri, maharage yaliyochemshwa, karoti au tango lililooshwa vizuri kwa maji salama. Kabla ya kuongeza sahani ya pili, subiri dakika 20.

Chumvi ina hesabu yake. Shirika la Afya Duniani linashauri chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kijiko cha chai kisichojaa, kwa vyote ulivyokula tangu asubuhi. Papa mkavu, ng'onda, achari, krispi na vidonge vya kuungia mchuzi huimaliza hesabu hiyo kabla hujagusa kopo la chumvi. Tumia ndimu, tangawizi, kitunguu saumu na pilipili manga.

Balungi liache kabisa. Hupandisha kiwango cha takrolimasi na cha saiklosporini, dawa nyingine ya kazi hiyohiyo, kwenye damu. Takrolimasi nayo inaweza kupandisha potasiamu, hivyo angalia kwanza majibu ya damu kabla ya kuanza madafu na ndizi kila siku.

Mwili utembee

Wiki za kwanza fuata agizo la daktari wa upasuaji: usinyanyue ndoo, gunia wala mtoto, lakini tembea. Anza dakika kumi, uongeze taratibu hadi dakika 30, siku tano kwa wiki. Prednisoloni hulegeza misuli ya mapaja, kwa hiyo fanya zoezi la kiti: kaa kwenye kiti kigumu, kunja mikono kifuani, simama, kaa, rudia mara nane hadi kumi. Siku ukiweza kuinuka bila kushika kitu, utajua misuli imeanza kurudi.

Sababu zinazosahaulika

Kwa mwanamke, ya kwanza ni mimba. Figo ikifanya kazi, hedhi na uwezo wa kushika mimba vinaweza kurudi mapema sana, hata kwa aliyekaa miaka bila hedhi. Tumbo likikua, pima. Jambo hili ni nyeti kwa sababu maikofenoleti, dawa nyingine ya kuzuia figo isikataliwe, humdhuru mtoto tumboni, na kwa kawaida madaktari hushauri kungoja angalau mwaka mmoja na kubadilishiwa dawa mapema kabla ya kutafuta mtoto. Ukigundua una mimba, usiache dawa yoyote mwenyewe. Wahi kliniki siku hiyo.

Ya pili ni kisukari kilichoanza baada ya upandikizaji. Insulini ikianza kutumika, uzito nao huweza kupanda. Ya tatu ni tezi ya thairoidi kufanya kazi kidogo: unasikia baridi, unachoka, choo kinakuwa kigumu. Ya nne ni dawa nyingine, zikiwamo baadhi ya dawa za sonona na za presha. Na huzuni yenyewe hulisha watu. Mwambie daktari kama unakula ili kutuliza mawazo.

Sifa za ndugu na majani ya mtaani

Anayesema umenawiri anakutakia heri, maana kwetu mwili mnene husomwa kama afya. Huhitaji ugomvi. Mwambie, "Asante, mama, nimeshiba. Daktari ananipima kilo." Neno la daktari hufunga mjadala ambao neno lako halingeufunga. Mpishi wa nyumba mpeleke kliniki mara moja asikie kwa masikio yake.

Kwa upande mwingine watakuja wauza chai na unga wa kupunguza tumbo. Kataa. Mitishamba mingine hubadilisha kiwango cha dawa kwenye damu, na majani ya kuharisha yanaweza kufanya hivyohivyo, tena yakikukausha maji. Sindano za kupunguza uzito ni za kuandikiwa na daktari anayekufahamu. Anayetaka kufunga Ramadhani naye azungumze na kliniki kabla ya mwezi kuandama, kwa kuwa takrolimasi huhitaji saa maalumu.

Siku ya kliniki

Nenda na daftari, pakiti za dawa zote unazotumia, na orodha ya ulichokula siku tatu zilizopita, bila kuipamba. Uliza maswali manne: uzito huu ni maji au mafuta? Uzito wangu unaofaa ni kilo ngapi? Dozi ya prednisoloni inashuka lini? Sukari, mafuta ya damu na thairoidi vimepimwa? Majibu yaandike palepale, mbele ya daktari. Kama kuna mtaalamu wa lishe hospitalini hapo, omba uonane naye kabla hujarudi nyumbani.

Lengo la kwanza lisiwe kushuka kilo kumi. Liwe uzito kusimama mahali pamoja kwa miezi miwili. Ukisimama, anza kushusha nusu kilo kwa wiki, huku dawa zote ukizimeza kwa saa zake.