Mafuta ya Mjane na Daftari la Kibanda

Maandiko ya kusoma: 2 Wafalme 4:1–7, Kumbukumbu la Torati 14:22, Mithali 27:23

Jumapili iliyopita mchungaji alitufundisha habari za yule mjane na chupa yake ya mafuta, na wengi tulishangilia vyombo kujaa. Wiki hii nimeombwa niendeleze somo kwa upande wa hesabu, kwa sababu mimi ndiye ninayehesabu bahasha za sadaka. Kuna jambo limenisumbua moyoni kuhusu hizo bahasha, na nitalisema.

Kuna mama mmoja kati yetu anauza chai, chapati na maharagwe karibu na steji ya mabasi hapa Garissa. Ameniruhusu niandike habari zake bila jina. Mara tatu alikuja mbele kuombewa, na ombi lilikuwa lile lile: wateja wanajaa asubuhi, chapati zinaisha, lakini pesa haikai. Alisadiki kuna mtu amemfanyia kitu. Tukakemea. Tukafunga naye siku tatu. Pesa haikukaa.

Nikarudi kusoma 2 Wafalme 4 polepole. Mdai yuko mlangoni, anataka kuwachukua watoto wawili wawe watumwa. Elisha angeweza kuomba tu. Badala yake anamuuliza mjane ana nini nyumbani. Hilo ni swali la mhasibu! Mama akajibu hana kitu, halafu akakumbuka chupa ya mafuta. Ona pia agizo la mwisho, mstari wa 7, jinsi lilivyopangwa: auze, alipe deni, kisha yeye na wanawe waishi kwa kinachobaki. Sisi wengi tunaanza kuishi, halafu tunauza, na deni tunamwachia Mungu.

Basi nikaenda kibandani jioni moja na daftari la shilingi chache. Nikamuuliza, "Mama, kwa siku unauza ngapi?" Akasema, "Mzee, sijui hasa. Lakini inauza." Tukaandika kila kitu kwa wiki mbili, hata kiberiti. Siku ya kawaida ilitoka hivi: mauzo shilingi 3,000. Unga na mafuta 1,150, maharagwe 350, maziwa, sukari na majani 450, makaa 200, maji ya mkokoteni wa punda 80, msichana anayemsaidia 250, kibanda na ada za kaunti tukigawa kwa siku 70. Jumla 2,550. Faida ni 450 kwa siku, yaani 2,700 kwa siku sita. Si mbaya. Kibanda hakikuwa kimerogwa.

Sasa pesa ilikuwa inaenda wapi? Kila jioni alitoa 250 kwa mkebe ule ule wa biashara, ya mboga na nauli ya watoto. Hiyo ni 1,500 kwa wiki. Na kila Jumapili alileta fungu la kumi kwa uaminifu: 1,800.

Wapendwa, 1,800 ni sehemu ya kumi ya 18,000, ambayo ni mauzo ya wiki nzima. Alikuwa anatoa fungu la kumi la unga, la makaa, la maji na la mshahara wa yule msichana. Toa 1,800 na 1,500 kwenye 2,700, unapungukiwa na 600. Hiyo 600 aliijaza kila wiki kwa mkopo wa simu. Kwa mwaka ni 31,200, bila kuhesabu gharama ya mikopo yenyewe. Na mimi ndiye niliyekuwa naifungua bahasha yake nikisema "Asante Yesu."

Najua wengine watasema ninapunguza fungu la kumi. Soma Kumbukumbu 14:22. Linazungumza juu ya maongeo, yale mazao yanayotoka shambani. Mkulima alikuwa na mbegu kabla ya kupanda, na mbegu si maongeo. Mtaji ni mbegu. Ukipeleka mbegu madhabahuni mwaka huu, mwakani utaleta nini? Tukipiga kwa faida, fungu lake ni 270. Ukitoa hiyo na 1,500 ya nyumbani, zinabaki 930 kila wiki. Kama Roho anamsukuma atoe zaidi, atoe kwa furaha, lakini ajue anatoa sadaka, tena anajua inatoka wapi.

Jambo hili tulilipeleka kwa wazee wa kanisa. Halikupita kirahisi, maana tuna paa la kumalizia. Mwishowe mchungaji akalisema mwenyewe madhabahuni. Sadaka ilishuka, na kusema kweli mpaka sasa haijarudi pale ilipokuwa.

Turudi kwa daftari. Usinunue kitabu kikubwa cha kukutisha. Ukurasa mmoja kwa siku, upande mmoja kilichoingia, upande mwingine kilichotoka, kisha chini hesabu pesa zilizoko mkononi na kwa simu uone kama vinakubaliana. Ukitumia till, usidhani ujumbe wa simu ni hesabu. Unakuonyesha kilichoingia, hauoneshi chapati nne ulizompa dereva akaahidi kulipa mwisho wa mwezi. Madeni yawe na kurasa zao, na tarehe. Mama huyu alikuwa nayo yote kichwani. Alipoyaandika jioni mbili yalifika 11,350, na mengine alikuwa ameona haya kuyadai kwa sababu wadeni wenyewe ni washirika wa hapa. (Mnajijua. Mlipeni.)

Ndugu zetu wanaouza mbuzi sokoni, Mithali 27:23 inawahusu moja kwa moja: mtu ajue hali ya mifugo yake. Kununua mbuzi 6,000 na kumuuza 7,000 si faida ya elfu moja mpaka utoe majani, usafiri, ada ya soko na yule aliyekufa njiani. Majirani zetu Waislamu wenye maduka hukadiria mali ya biashara mara moja kwa mwaka ili wajue zaka yao. Sisi wengine duka lina miaka kumi na hatujawahi kuhesabu rafu.

Jilipe mshahara. Mama huyu sasa anachukua 250 yake kila jioni, anaiandika kama ya mfanyakazi mwingine, na akitoka hapo haugusi mkebe. Ile 930 anaigawa: nusu inalipa mkopo, nusu ni akiba ya siku mbaya. Hapa kwetu siku mbaya zina majina. Mnakumbuka 2015, chuo kikuu kilipofungwa baada ya shambulio la Aprili na kafyu ikawekwa, biashara za jioni zikafa. Novemba 2023 mafuriko ya Tana yakakata barabara upande wa Madogo, na Aprili 2024 tena, vitu kutoka Nairobi vikapanda bei. Chama, au ayuuto kama wanavyoita mama za Kisomali, ni kizuri kwa kununua jiko au friji, lakini zamu yako haiwezi kujua mto utafurika lini.

Kuhusu mikopo nitasema kifupi. Fuliza inatoza kwa siku, kwa hiyo ni ya dharura, si ya kununua unga kila asubuhi. Hustler Fund, iliyoanza Novemba 2022, ni asilimia 8 kwa mwaka, lakini ule mdogo wa mtu binafsi unatakiwa urudi ndani ya siku 14. Usiuchukue kwa bidhaa itakayouzwa mwezi ujao. Na kwa wanaokua: tangu Julai 2023 biashara yenye mauzo ya zaidi ya milioni moja kwa mwaka inadaiwa kodi ya asilimia 3 ya mauzo. Mama wetu yuko 936,000. Bila daftari asingejua amefika karibu hivyo.

Kazi ya wiki hii: andika siku saba, bila kuruka. Jumatano baada ya maombi ya jioni nitakaa kwa benchi la nyuma na kikokotoo. Njoo na daftari lako hata kama lina mafuta ya chapati, na aliyekopa kibandani kwa mama aje na pesa.