SOMO: MAMA WA KIOTA NA MTEGO WA WAYA

Masomo ya kusoma nyumbani: Mwanzo 2:15; Kumbukumbu la Torati 22:6-7



Katika Torati kuna sheria ndogo ambayo wahubiri wengi huiruka. Mtu akikuta kiota njiani, mama amelalia mayai au makinda, asimtwae mama pamoja na watoto. Watoto anaweza kuchukua, lakini mama amwachilie. Na sheria hiyo ndogo imefungiwa ahadi ya maisha marefu, sawasawa na ile ya kuheshimu baba na mama. Tuangalie vizuri: haikatazi mtu kula. Inakataza kumaliza.

Sasa tuitazame Ituri yetu. Okapi haishi porini katika nchi nyingine yoyote duniani, ni Kongo tu. Mwaka 1992 serikali ilitenga Hifadhi ya Okapi, kilometa mraba zaidi ya 13,000, na makao yake ni Epulu, katika teritwari ya Mambasa. Mwaka 1996 UNESCO iliiandika kuwa urithi wa dunia. Mwaka uliofuata, vita ikiwa imekuja, ikaingizwa katika orodha ya urithi ulio hatarini.

Okapi hubeba mimba miezi 14 hivi, na huzaa mtoto mmoja. Mtoto huyo hafuati mama mara moja. Anafichwa majanini kwa wiki nyingi, kama ndege kiotani, na mama huenda kula kisha hurudi kunyonyesha. Tena mwezi wa kwanza mtoto hatoi hata kinyesi, ili chui asipate harufu yake. Nani alimfundisha? Basi chui anapita bila kumwona. Lakini mtego wa waya ukishika mguu wa mama, mtoto anabaki pale akingoja, mpaka anakufa kwa njaa. Mwindaji anahesabu mnyama mmoja, kumbe ametwaa wawili.

Ubaya wa waya ni kwamba hauchagui. Umetegwa kwa ajili ya mboloko, unakamata okapi au sokwe. Mwenye mtego asiporudi kwa siku chache, nyama inaoza bure. Wavu wa Bambuti si hivyo: watu wako pembeni yake, wanaona kilichoingia. Wenyeji hawakufukuzwa hifadhi ilipoanzishwa. Wanaishi humo, wanalima katika sehemu zilizowekewa mipaka, na wanawinda kwa desturi ya zamani wanyama wasiolindwa na sheria. Okapi, tembo na sokwe hawaguswi, na waya hauruhusiwi.

Ndugu mmoja atasema: hayo ni mambo ya Epulu, sisi tuko Bunia. Hapana, ndugu. Barabara ya Nia-Nia, Mambasa na Komanda inaleta kwetu mbao na makala, na nyama iliyokaushwa kwa moshi hupita humo humo. Mtu wa kijiji anatega waya kumi badala ya mmoja kwa sababu mjini kuna anayelipa. Sufuria yetu ina mkono katika pori lile.

Walinzi wa hifadhi peke yao hawawezi. Tarehe 24 Juni 2012 kundi la Mai-Mai Simba, likiongozwa na Morgan, lilishambulia Epulu. Walinzi walikuwa wamewabana wawindaji wa tembo na wachimba dhahabu. Watu waliuawa, walinzi wakiwa miongoni mwao, na okapi 14 waliofugwa kituoni wakafa. Ukimwachia mlinzi kazi yote, unamwacha peke yake mbele ya bunduki.

Mama zetu wa sokoni wana nguvu kuliko wanavyofikiri. Nyama ambayo muuzaji anaificha kichwa na ngozi, msiinunue. Sombe na maharagi havijawahi kumwua mtu. Tukumbuke pia Ebola ya 2018 hadi 2020, iliyoondoa watu zaidi ya 2,200 katika Nord-Kivu na Ituri. Wataalamu wanasema virusi hivyo hutoka kwa wanyama wa porini, na kumshika mnyama aliyekutwa amekufa ni hatari. Vilevile kasuku wa kijivu: tangu 2017 biashara ya kuwavusha mipaka wale waliokamatwa porini imekatazwa kimataifa. Anayekuuzia kinda lake kando ya barabara amevunja kiota.

Kwa habari ya makala, siwezi kumhukumu mama aliyekimbia vita, anayetafuta kuni kando ya kambi. Njaa haina subira. Lakini sisi wenye parisela na shamba tunaweza kupanda kalipitusi zetu wenyewe, na kutumia mbabula ya udongo isiyokula makala mengi. Wavuvi wetu wa Kasenyi na Tchomia nao wanajua wavu wa matundu madogo unafanya nini: unatwaa samaki kabla hajazaa hata mara moja.

Kwa mazungumzo ya vikundi juma hili: ni wanyama gani wazee wetu waliwaona karibu na kijiji, ambao watoto wetu wanawajua kwa jina tu? Na vijana wetu mafundi wa pikipiki wajibu hili: waya wa breki uliochakaa mnamwuzia nani, na mlimwuliza ni wa kazi gani?