Hatari ya baiskeli milimani iko kwenye mteremko

Jumamosi alfajiri, ukisimama pale Ruaka utawaona wakazi wa Nairobi wakipita kwa baiskeli kuelekea Banana, Tigoni na Limuru. Wenye pumzi zaidi huendelea hadi Kinale na Flyover, kisha hukata kulia kuingia Njabini, Kinangop Kusini, kwenye viazi, kabichi na ukungu chini ya milima ya Aberdare. Ukiwauliza wanaoanza ni kitu gani wanachoogopa, watakuambia ni kupanda. Kiafya, msomaji, la kuogopwa zaidi ni kushuka.

Hata hivyo kupanda nako kuna kanuni zake. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Limuru kama mita 2,200, na ukifika Flyover umepita mita 2,500. Katika kimo hicho kila pumzi unayovuta ina oksijeni pungufu kwa karibu robo kuliko ya mtu aliyeko Mombasa, hivyo moyo hulazimika kupiga haraka zaidi. Mtu mwenye afya hadhuriki, mradi asishindane na vijana. Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyeshinda mashindano ya Tour de France mara nne kati ya 2013 na 2017, alifunzwa na David Kinjah kwenye vilima vya Kikuyu akingali mvulana. Wewe umeketi ofisini miaka kumi.

Kipimo chako kiwe ulimi. Ukiweza kusema sentensi nzima bila kutweta, mwendo ni mzuri. Ukitoa neno moja moja, punguza. Tumia gia nyepesi ili miguu izunguke upesi, kwani gia nzito huumiza magoti. Kiti nacho kiinuliwe hadi mguu ukaribie kunyooka pedeli inapokuwa chini kabisa. Kiti cha chini mno ni chanzo cha maumivu mengi ya goti ambayo watu huyasingizia uzee.

Kula kabla ya kuhisi njaa. Akiba ya wanga iliyomo misulini huweza kupungua sana baada ya saa moja na nusu au mbili za kupanda kwa bidii, na hapo mtu hutetemeka, hulegea na kuona kizunguzungu. Ndizi mbili, nduma au viazi vitamu vilivyochemshwa vyatosha. Maji pia unywe ijapokuwa kuna baridi; jasho hukauka upesi huko juu, ukadhani hukutoka jasho.

Sasa umefika kileleni, fulana imelowa chepechepe, na mbele yako ni mteremko wa kilomita kadhaa. Hapa ndipo mambo huharibika. Ulipokuwa ukipanda, misuli ilikuwa kama jiko lililowaka. Ukianza kushuka huikanyagi pedeli tena, kwa hivyo jiko limezimwa, na papo hapo upepo wa kasi ya kilomita 40 au 50 kwa saa unakaushia jasho mwilini. Joto hutoka upesi kuliko mwili unavyoweza kulitengeneza. Mwezi wa Julai, ukungu unapotanda Kinale na Kinangop, dakika chache tu zatosha vidole kufa ganzi. Na vidole hivyo ndivyo vinavyoshika breki.

Kwa hivyo, simama kabla ya kuteremka. Vaa fulana kavu uliyoibeba, koti jepesi la kuzuia upepo na glavu. Waendeshaji wa Tour de France walizoea kutia gazeti kifuani chini ya jezi kabla ya kushuka milima ya Alps. Karatasi huzuia upepo na kufyonza jasho. Usilitupe gazeti hili, basi.

Breki usizishike mfululizo. Raba ikisugua ukingo wa gurudumu bila kupumzika, ukingo hupata moto na tyubu huweza kupasuka. Bana kwa nguvu kidogo, achilia, kisha bana tena, na upunguze mwendo kabla ya kona, si ndani ya kona. Mvua ikinyesha, breki za raba hukawia kushika. Kofia ngumu ni lazima, na kati ya Limuru na Flyover, ambako malori hayahesabiki, ni afadhali kupakia baiskeli kwenye matatu.

Mwenye shinikizo la damu, ugonjwa wa moyo au kisukari, hasa anayedungwa insulini, amwone daktari kwanza. Mwenye pumu abebe dawa yake ya kuvuta, maana hewa baridi na kavu huamsha pumu. Maumivu ya kifua yanayoelekea mkono wa kushoto au taya ni amri ya kusimama na kutafuta hospitali mara moja.

Ukimwona mwenzako anatetemeka mno, anashindwa kufunga zipu au anaongea kama mlevi, huyo amezidiwa na baridi. Mwondoeni kwenye upepo, mvueni nguo zilizolowa, mfunikeni kwa blanketi kavu, na akiwa na fahamu timamu mpeni chai moto yenye sukari. Pombe msimpe; humfanya ahisi joto huku mwili ukizidi kupoa. Akiacha kutetemeka bila kupata nafuu, au akianza kusinzia, mpelekeni hospitali bila kukawia.