James Montgomery, mtu wa gazeti na wa nyimbo



Tunapoimba kanisani, ni wachache wanaouliza ni nani aliyetunga maneno. Wengi wetu tunafikiri watungaji wote walikuwa wachungaji. Huyu tunayemsoma leo alikuwa mtu wa gazeti, na kazi hiyo ilimpeleka gerezani mara mbili.

James Montgomery alizaliwa Irvine, katika inchi ya Uskoti, tarehe 4 Novemba 1771. Baba yake alikuwa mhubiri wa kanisa la Moravian, lile ambalo ndugu zetu wa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika wanalijua vizuri. Wazazi wakamwacha katika shule ya kanisa huko Fulneck, Uingereza, wakaenda kuhubiri watumwa katika visiwa vya West Indies. Wote wawili walifia kule, mtoto hakuwaona tena. Shuleni alipenda kutunga mashairi kuliko kusoma masomo, basi wakubwa wakamtuma kwa mwoka mikate ajifunze kazi. Akatoroka.

Mwaka 1792 akafika Sheffield, mji wa wafua visu, akawa karani wa Joseph Gales, mwenye gazeti la Sheffield Register. Gales alitaka watu wadogo nao wapate sauti katika mambo ya serikali. Mwaka 1794 serikali ikamtafuta, naye akakimbia inchi. Gazeti likabaki mikononi mwa Montgomery, kijana wa miaka 22 tu. Akalipa jina jipya: Iris.

Haikukawia. Mwuza nyimbo wa njiani alikuja kuomba achapiwe wimbo mmoja juu ya kuanguka kwa Bastille, gereza la Paris. Wimbo ule si Montgomery aliyeutunga. Mtungaji alikuwa mhubiri wa Belfast, na herufi zake zilikuwa zimekwisha kupangwa tangu wakati wa Gales. Lakini sasa Uingereza ilikuwa vitani na Ufaransa, wakasema wimbo unasaidia adui, hata kama ulitungwa mbele ya vita! Mwaka 1795 akafungwa miezi mitatu katika gereza la York, na faini paundi 20. Sisi tunaozungusha mashine ya stensili tunajiuliza: nani ajibu, aliyetunga ao aliyechapa? Tribinali ile ilijibu: aliyechapa.

Mwezi wa Agosti mwaka ule ule askari waliwapiga watu risasi mjini Sheffield, watu wawili wakafa. Montgomery akaandika katika gazeti namna mkubwa wao alivyoingia katikati ya watu na upanga. Mkubwa yule alikuwa vilevile mwamuzi wa serikali. Akamshitaki, na mwaka 1796 Montgomery akarudi York, mara hii miezi sita na paundi 30. Mashairi aliyoyatunga mle ndani yalitoka katika kitabu mwaka 1797.

Kisha akapunguza ukali. Wengine wanaweza kusema ni woga. Sisi hatuoni hivyo. Mwaka 1809 alitoa shairi refu juu ya biashara ya watumwa, katika visiwa vile vile vyenye makaburi ya wazazi wake. Mwaka 1824 akakusanya kitabu kwa ajili ya watoto wadogo waliopandishwa ndani ya mabomba ya moshi ili kuyasafisha.

Na nyimbo? Alitunga karibu 400. Wimbo wake wa Noeli unaojulikana sana, Angels from the Realms of Glory, haukutokea kwanza kanisani. Ulitokea katika Iris, tarehe 24 Desemba 1816, katika gazeti lenye habari za soko na za vita. Wakati ule makanisa mengi ya Waanglikana yaliimba Zaburi tu. Mchungaji Thomas Cotterill wa Sheffield, akisaidiwa na Montgomery, alitoa kitabu cha nyimbo mwaka 1819. Wakristo wake wenyewe wakampeleka mbele ya tribinali ya kanisa! Mwaka 1820 Askofu mkuu wa York akamaliza shauri: kitabu kile kiondolewe, kitengenezwe kingine chini ya macho yake. Tangu hapo mlango wa nyimbo haukufungwa tena.

Aliuza gazeti mwaka 1825. Mwaka 1835 serikali, ile iliyomfunga, ikaanza kumpa paundi 150 kila mwaka. Alikufa Sheffield tarehe 30 Aprili 1854, bila mke wala mtoto, na mji mzima ukatoka kumzika.